Uwanja wa Waliokaa

Suzana Luhende alikuwa akianika mashuka juu ya jiwe la nyuma ya nyumba yake pale Deodatus Mutayoba alipopanda mlima kuja kumtafuta. Nyumba za Ng'wanoni, huko Ilemela, zimebanwa katikati ya mawe, na kila familia ina jiwe lake la kuanikia. Yapo mawe ya dagaa, ya mihogo, na ya nguo. Jiwe la Suzana lilikuwa pana, limelala kama ng'ombe anayecheua, na mama mkwe wake alilitumia kabla yake. Jua likiwa kali lilikausha shuka zito kabla ugali haujaiva.

Deodatus alikuwa amevaa viatu vya kung'aa visivyofaa mlima ule, akafika na vumbi hadi magotini, lakini tabasamu lake lilikuwa zima. Alikuwa mtu wa Bukoba, msomi, meneja wa burudani katika hoteli iliyojengwa chini kando ya ziwa. Adabu yake haikuwa na kasoro. Watu wa mtaa walikwisha kujifunza kwamba hoteli ikitaka kitu kidogo humtuma mlinzi, na ikitaka kitu kikubwa humtuma Deodatus.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Deodatus alitafuta pa kukaa, akaona mawe yote yana nguo mbichi, akabaki amesimama. Alieleza shida yake. Wageni wanakuja ziwani kupumzika, halafu ziwani kwenyewe hawaingii.

"Wanaogopa kichocho, mama. Wengine wanaogopa mamba. Yupo dada mmoja kutoka Dar, Winnie, yeye anaogopea nywele zake tu. Sasa wanashinda kwenye viti wanaangalia simu, jioni wanasema Mwanza hakuna cha kufanya."

Kwa sababu hiyo hoteli ilikuwa imeamua kuwapa wageni mambo ya kufanya nchi kavu. Ubao ulikwisha kuchorwa getini kwa rangi ya buluu: BILA KULOWA. Chini yake waliandika kupanda mawe, kutazama ndege na ngoma za asili. Ndege walikuwepo. Ngoma ndiyo ilikuwa bado haijapatikana.

"Ngoma ipo," alisema Suzana.

Ilikuwepo kweli. Suzana ndiye aliyekuwa manju wa wigashe pale Ng'wanoni, yaani mtunzi na kiongozi, kama baba yake alivyokuwa. Wigashe ni ngoma ya Wasukuma inayochezwa watu wamekaa. Wanakaa safu kwa safu kwenye vigoda, wanaimba, wanapeleka mikono na vifua pamoja, na makalio hayaondoki mahali pake. Asiyeijua hudhani ni rahisi.

"Tunaijua, mama, na tunaiheshimu," alisema Deodatus. "Ila wigashe mnacheza mmekaa."

"Tunakaa."

"Na wageni nao wamekaa. Sasa pande zote mbili zikiwa zimekaa..." Hakumaliza. Hoteli ilipendelea ngoma ya majembe na ya chatu, kitu kinachoruka, kinachopigika picha. Alikwisha kuzungumza na Baba Precious, naye amekubali. Kulikuwa na jambo moja lingine dogo, nalo ni uwanja. Hoteli ilikuwa inaomba kuuingiza ndani ya uzio wake, iupande nyasi, iweke taa na viti. Aliomba uwanja kama mtu anayeomba kiberiti kwa jirani.

Suzana alilitandaza shuka la mwisho, akaweka kokoto kwenye pembe zake ili upepo usilichukue.

"Kamwambie aliyekutuma kwamba uwanja una watu."

"Mama, nimepita pale sasa hivi. Sikuona mtu."

"Umepita asubuhi ya siku ya kazi. Hata kanisani ungekuta viti vitupu."

Uwanja wenyewe ulikuwa chini ya mlima, kati ya nyumba za mwisho na hoteli, na ndio uliokuwa mahali pekee pa tambarare katika mtaa mzima. Pale watu walikutana kwenye misiba, watoto walicheza mpira bila kuufuata ziwani, na kila mwaka baada ya mavuno ngoma zilishindana. Suzana alijifunza kuimba pale akiwa mgongoni mwa mama yake. Aliupenda uwanja ule kuliko alivyopenda nyumba yake, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya mumewe.

Mumewe, Antoni, ndiye Baba Precious. Alikuwa manju wa ngoma ya majembe, na ndipo mambo yalipokuwa magumu, maana wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika pande mbili tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu. Suzana ni Mgika, Antoni ni Mgalu. Walioana hivyo hivyo, wakazaa, wakazeeka, na kila juma la mashindano Antoni alihamia kwa kaka yake. Si kwamba waligombana. Mchezaji hali chakula cha mpinzani juma lile, hata mpinzani huyo awe amemzalia watoto, kwa sababu dawa za ngoma huwekwa popote, na mboga ni mahali pazuri pa kuziweka.

"Ungeniambia kwanza," Suzana alimwambia jioni ile.

"Ningekuambia ungekataa."

"Ndiyo maana ya kuambiwa."

Antoni alisema hoteli ni kubwa, na mtu hashindani na tembo kunya. Suzana alisema hataki kunya, anataka kukaa. Antoni alichukua mto wake akaenda kwa kaka yake kabla ya juma kuanza.

Shauri lilifika kwa Teodora, mtendaji wa kata. Alikuwa mwanamke mwema aliyechoka, mwenye simu mbili zilizoita kwa zamu. Hoteli ilisema uwanja hautumiki. Suzana alisema unatumika. Teodora aliwasikiliza wote, akasema jambo ambalo kila mtu aliliona la haki: ngoma zishindane Jumamosi kama zinavyoshindana siku zote. Mashindano ya Kisukuma hayana jaji. Makundi mawili hupiga kwa wakati mmoja, hili upande huu na lile upande ule, na watazamaji huenda wanakopenda. Anayevuta watu ameshinda. Wigashe ya Suzana ikivuta umati, basi uwanja una watu, na Teodora ataandika hivyo. Kundi la Antoni lililokodiwa na hoteli likivuta umati, uwanja uende hotelini.

Hakuna aliyeuliza ni tangu lini ardhi ya mjini inaamuliwa kwa ngoma. Lakini Jumatano, kabla ngoma haijawambwa, gari lilishusha nguzo za uzio na marobota ya seng'enge nyuma ya jiko la hoteli, mbele ya macho ya kila aliyepita.

"Wameleta jeneza kabla mgonjwa hajapimwa," alisema Suzana.

Wanakundi wake walimshauri aache. Alisema haachi. Mgonjwa akishapimwa, hata kama jeneza lipo, watu watajua alikuwa anapumua.

Jumamosi hoteli ilifunga turubai upande wake wa uwanja, ikapanga viti vya plastiki, ikaleta spika kubwa, soda za baridi na pilau. Antoni na wenzake walivaa fulana zenye jina la hoteli kifuani, wakarusha majembe juu na kuyadaka, na chatu akazungushwa akiwa amechoka. Upande wa pili Suzana na kundi lake walikaa kwenye vigoda vyao na ngoma yao moja.

Watu wote walikwenda kwenye pilau. Sitawalaumu, ilikuwa na nyama. Lakini Suzana aliwaona wakipita mmoja mmoja, jirani zake, mawifi zake, wanakwaya wenzake wa jumuiya, kila mmoja akitazama chini kama aliyedondosha kitu. Iliuma. Hata angekuwa nani, ingemuuma. Aliinua mkono, akaanzisha wimbo alioutunga juma lile:

*Rukeni ninyi mnaoruka,*
*sisi tumekaa.*
*Aliyekaa hajikwai,*
*aliyekaa hasukumwi,*
*mkitutaka mtubebe,*
*na sisi ni wazito.*

Wakaimba wote, mikono ikaenda kulia, ikarudi, mbele yao pakiwa patupu.

Kwanza yalishuka mawe madogo, yale ya njia ya kisimani. Yalikuja mwendo wa mtu asiye na haraka, kwa sauti ya gunia linaloburutwa, yakakaa mbele kabisa, mahali ambapo watoto hukaa. Yakafuata ya ukubwa wa kati, yale ya nyuma ya kanisa na ya kwenye mashamba ya mihogo. Makubwa yalikuja mwisho na kukaa nyuma ili yasiyazuie mengine, kama ilivyo adabu. Jiwe la kina Josephat lilikuja na mbuzi wao amesimama juu yake, akicheua. Jiwe la Suzana lilikuja na mashuka yake, na kokoto zilikuwa bado kwenye pembe. Mama mmoja wa safu ya pembeni alisogeza kigoda chake ili jiwe lililochelewa lipate nafasi, na hakupoteza mapigo.

Upande wa turubai watu waligeuka na sahani zao mikononi.

"Lile si jiwe la kwetu?" alisema Josephat. "Halijashuka tangu nizaliwe."

"Lilikuwa halijaitwa," alimjibu mtu wa jirani, akaendelea kula.

Winnie, yule dada wa Dar mwenye nywele zake, aliacha kiti cha plastiki akaenda kukaa kwenye jiwe moja la wastani. Alimuuliza Deodatus kama na hili limo kwenye ubao. Deodatus alikuwa mtu mkweli katika mambo madogo. Alisema halimo, ataliongeza.

Antoni alishusha jembe lake. Amecheza ngoma maisha yake yote, na manju anaujua umati anapouona. Alivuka uwanja hadi alipokuwa Teodora.

"Mama Precious ametupiga," alisema. "Andika."

Mwenzake mmoja alilalamika kwamba hiyo ni dawa, na kwamba wenye haki ni wale wasiotumia. Kila mtu alijua yeye mwenyewe alikuwa amefunga hirizi kiunoni chini ya fulana ya hoteli. Alitaka kujua Suzana ameichimba wapi na amemlipa nani.

"Sijachimba kitu," alisema Suzana. "Hawa ni majirani."

Teodora alipita katikati ya mawe, akaligusa moja, akaliambia pole ya safari. Simu zake ziliita, akazizima zote mbili, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Kisha alisema umati umekuja na hakuna anayeweza kukataa. Ila maelekezo aliyopewa yanataja wananchi. Mawe haya ni wakazi wa muda mrefu, hilo analikubali, lakini hayajaandikishwa, na kipindi cha kuandikisha kimekwisha pita.

"Yalikuwepo kabla ya mtaa," alisema Suzana.

"Najua, mama."

"Kabla ya kata. Kabla ya serikali yenyewe. Sisi ndio tuliokuja tukayakuta."

"Najua."

"Na nguzo zililetwa Jumatano. Mmeamua kabla hatujapiga ngoma."

Teodora hakusema anajua. Alitazama chini kama wale wa pilau, akawasha simu zake. Jumatatu mchana nguzo zilikuwa zimesimama, na uwanja ukawa ndani.

Mawe hayakurudi mlimani. Hoteli ilileta katapila kuyaondoa, ikaunguza klachi, ikaleta jingine. Hilo la pili lilisukuma jiwe la kina Josephat tangu asubuhi na kufanikiwa kujichimbia shimo lenyewe tu. Baada ya hapo walipanda nyasi katikati yake. Deodatus alitimiza ahadi, akaongeza kwenye ubao, chini ya ngoma za asili: kutazama mawe yaliyotembea. Kiingilio kiliwekwa. Mtu wa Ng'wanoni aliyetaka kwenda kuliona jiwe la nyumbani kwake alipaswa kukata tiketi, ingawa kwa wenyeji kulikuwa na punguzo.

Kule juu nyumba zilibaki wazi. Upepo wa ziwa uliingia kwenye vyumba ambavyo haukuwahi kuvijua. Nyuma ya nyumba ya Suzana palikuwa na shimo jekundu lenye upana wa jiwe, na mvua ya kwanza iligeuza shimo hilo kuwa dimbwi. Hakuwa na pa kuanikia. Alifunga kamba kati ya mipapai miwili, na mashuka yakanuka kwapa siku nzima.

Jumamosi iliyofuata alilichukua kundi lake, wakateremka hadi nje ya uzio, upande wa barabara. Mlinzi alisema barabarani hairuhusiwi kukaa. Wakahamia ukingoni mwa mtaro wa maji machafu, ambako hakuna aliyewahi kupiga marufuku kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu angetaka. Walipanga vigoda vyao, wakaimba wimbo wao.

Walipofika kwenye "na sisi ni wazito", mawe yalikuwa yamegeuka. Yote yalitazama mtaroni. Upande wa hoteli, ambako wageni walikaa na vinywaji na tiketi zao, ilibaki migongo.

Antoni alikuwa ndani akicheza na majembe. Mtu aliyecheza ngoma maisha yake yote anajua maana ya kuchezea mgongo wa mtu. Alimaliza zamu yake kwa sababu ya heshima ya kazi, akavua fulana, akaikunja vizuri akaiacha mapokezi. Nje alimkuta mkewe anafunga virago, akaichukua ngoma ya wigashe akaibeba mlima mzima, kama kanuni inavyotaka aliyeshindwa ambebee aliyeshinda.

"Chakula kipo nyumbani?" aliuliza walipofika juu.

"Inategemea. Leo wewe ni wa upande gani?"

"Upande wenye chakula."

Suzana alimpakulia. Alionja mboga kwanza yeye mwenyewe, mbele yake, ili asiwe na wasiwasi.

Hoteli ilipata kundi lingine kutoka Mkolani, vijana wanaoruka vizuri kweli, na wao pia walitazamwa na migongo. Deodatus alikuja tena mlimani. Safari hii alivaa raba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, wageni wanalalamika. Wanasema wamelipia kuona mawe na wanaona nyuma."

"Waambie waje upande wetu. Huku hakuna tiketi."

"Upande wenu ni mtaro, mama."

"Ndiyo, unanuka. Lakini nyuso zinaonekana."

Deodatus alisema angeweza kumwombea nafasi ya kuimbia ndani, kwenye nyasi, chini ya taa, hata wakiwa wamekaa hivyo hivyo. Hoteli sasa ilikuwa tayari kuikubali wigashe. Suzana alimuuliza kama na uzio utaondoka. Deodatus alisema la, uzio utabaki, uzio ni suala la wakubwa.

"Basi nitaingiaje kwangu kwa kukaribishwa?" alisema Suzana. "Nenda salama, baba. Angalia hilo shimo."

Tangu siku hiyo kila Jumamosi yeye huteremka na beseni la nguo kichwani. Jiwe lake limesogea hadi karibu na seng'enge, kiasi cha mkono kufika. Anarusha shuka mbichi juu ya waya, linatua mgongoni mwa jiwe, analinyoosha kwa fimbo, anaweka kokoto pembeni, halafu anakaa kwenye kigoda chake na kuanza. Ngoma inapoisha nguo zimekauka. Mlinzi aliagizwa amkataze, naye alimkataza kwa sauti kubwa, kisha akamsaidia kunyoosha pembe ambayo fimbo haikuifikia.

Uzio upo pale pale. Uwanja ni wa hoteli, na misiba ya Ng'wanoni sasa inakaa njiani, waombolezaji wakipisha bodaboda. Ubao wa BILA KULOWA umepakwa rangi upya. Mapokezi wametundika picha kubwa ya kuvutia wageni: ziwa nyuma, nyasi za kijani, mawe yamekaa kwa safu, na juu ya jiwe kubwa kuliko yote mashuka ya Suzana Luhende, moja likiwa na kiraka cha kitenge. Mgeni akiuliza nguo zile ni za nini, huambiwa ni utamaduni.

Winnie, aliyerudi Mwanza likizo iliyofuata na kwenda kukaa moja kwa moja upande wa mtaro, ndiye aliyemsimulia Suzana jambo hilo. Suzana alilifikiria kidogo akiwa anafunga kilemba chake. Jumamosi iliyofuata alifua na mapazia.